Kabla ya kujaza gesi, isogeze friji mbali na ukuta

Mama anayeuza barafu yupo karibu kila mtaa wa Dar es Salaam. Yupo Mbagala, yupo Buguruni, yupo Manzese. Hana fremu wala kibao. Ana friji moja, ndoo ya juisi ya ukwaju au ubuyu, vifuko vidogo, na watoto wa shule wanaoanza kugonga mlango saa saba mchana. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na jua la mchana kufika nyuzi joto 32 au 33, ndipo wateja huwa wengi. Na ndipo friji inapomgeuka. Vifuko alivyopanga jioni, asubuhi vinakutwa ni maji ya baridi tu, juu vimeshika utando mwembamba. Mtoto anakibonyeza kimoja na kukirudisha: "Mama, hii haijaganda."

Kinachofuata ndani ya nyumba kinajulikana. Baba anauliza kwa nini umeme wa LUKU uliokuwa unafika Jumapili sasa unaishia Alhamisi. Mama anasema hata yeye haelewi, friji inaunguruma usiku kucha. "Mama watoto, hiyo biashara inakula kuliko inavyoingiza." Maneno hayo yanamuuma, maana pesa ya daftari na ya mboga inatoka humo humo kwenye barafu. Kesho yake anaitwa fundi. Fundi anagusa bomba la nyuma, anatikisa kichwa, anasema gesi imeisha.

Hapo ndipo familia nyingi hupoteza pesa. Gesi ya friji haiishi kama gesi ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande, na ile ile iliyotiwa kiwandani inaweza kufanya kazi mpaka friji yenyewe izeeke. Kama kweli imepungua, basi kuna mahali panavuja, na kujaza bila kuziba tundu ni kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Fundi huyo huyo ataitwa tena baada ya miezi michache, na atapokea tena. Lakini msimu wa joto friji nyingi hulegea wakati gesi ipo yote. Tatizo ni mahali iliposimama.

Friji haitengenezi baridi. Inachota joto lililomo ndani ya maji, nyama na juisi, kisha inalitupa nje kupitia nyavu nyeusi za mgongoni. Kwenye friji nyingi za sasa nyavu hazionekani, mabomba yamefichwa ndani ya mbavu, ndiyo maana ukigusa ubavu wake unakuta una moto. Joto hilo ni lazima lipate pa kwenda. Na ili litoke, mabomba hayana budi kuwa ya moto kuliko hewa ya chumba. Usiku, chumba kikiwa na nyuzi 26, kazi ni nyepesi. Saa nane mchana, chini ya bati lisilo na dari, chumba kinakuwa na joto kuliko hata kivulini nje, na friji inasukuma joto mahali palipojaa joto tayari. Mota haipati nafasi ya kupumzika. Umeme unaisha Alhamisi.

Sasa itazamwe friji ilivyokaa. Katika nyumba nyingi za Pwani friji haikai jikoni, inakaa sebuleni ambako wageni wanaiona. Imesukumwa kwenye kona hadi mgongo umegusa ukuta. Ubavu mmoja umeegemea kabati la vyombo. Juu ina kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia mpaka nusu ya mgongo, na juu ya kitambaa kuna chupa ya chai, deki ya king'amuzi, dawa za watoto na maua ya plastiki. Kitambaa kinapendeza, hakuna anayebisha. Ila friji iliyofunikwa hivyo ni kama mtu aliyevalishwa blanketi akaambiwa akimbie.

Kwa aliyepanga chumba kimoja mambo ni magumu zaidi. Joto lote linalotoka mgongoni mwa friji linabaki humo humo, pamoja na la jiko na la watu watano. Friji inakipasha chumba, chumba kinairudishia friji. Wamarekani wanaosafiri na nyumba ndogo za magurudumu, zile zinazovutwa na gari, wanaujua mzunguko huu vizuri. Kinyumba chao ni bati na jua, na friji imebanwa ndani ya kabati. Wengi hufunga feni ndogo nyuma ya friji ili isukume hewa ya moto itoke kwenye matundu ya ukutani, na wakiegesha huhakikisha upande wa friji uko kivulini. Hawabadilishi gesi. Wanabadilisha hewa.

Dawa hiyo inafaa hata Manzese. Friji ivutwe mbele hadi mkono wa mtu mzima upite nyuma yake bila kukwaruzika, sentimita 10 hivi, na pembeni ipate angalau sentimita 5. Kitambaa kitoke, au kikatwe kibaki juu tu bila kuning'inia. Isitazamane na dirisha linaloingiza jua la alasiri, wala isikae jirani na jiko la mkaa. Kabla ya kuisogeza, ichomolewe kwenye umeme. Zile nyavu za nyuma zisafishwe kwa brashi laini, maana vumbi lililochanganyika na mafuta ya kupikia hushika kama sufu na kuzuia joto lisitoke. Na ile feni ya mezani inayopulizia viti vitupu mchana watu wakiwa kazini, ielekezwe nyuma ya friji kwa zile saa tatu nne za jua kali.

Kwa mama wa barafu kuna la zaidi, nalo ni saa ya kupakia. Ukwaju uliotoka jikoni ukiwa vuguvugu, ukiingizwa saa tisa alasiri vifuko 80 kwa mpigo, unaipa friji mzigo mkubwa saa ambayo nguvu yake ni ndogo. Sufuria ya juisi ikalishwe kwanza kwenye beseni la maji mpaka ipoe. Vifuko viingie usiku, kidogo kidogo, vikigusa ule ukuta unaogandisha, visirundikwe kama matofali. Alfajiri vikishaganda vihamishiwe kwenye deli, na mauzo ya mchana yafanyikie kwenye deli. Watoto wakifungua mlango wa friji mara 40 kwa siku, kila mara baridi inamwagika miguuni na hewa yenye unyevu wa bahari inaingia, inageuka barafu ukutani.

Barafu hiyo ya ukutani watu huiona ni dalili ya friji nzima. Sivyo. Ikishazidi unene wa nusu sentimita inakuwa blanketi jingine, safari hii la ndani, na baridi haivuki. Iyeyushwe kwa kuzima friji usiku mmoja, bakuli la maji ya moto likiwekwa ndani. Kisu kisiguse. Ukuta huo ni bati jembamba lenye mabomba, na tundu dogo la ncha ya kisu ndilo litakalomwaga gesi kweli kweli. Mafundi wengi wanaishi kwa visu hivyo.

Mpira wa mlango nao upimwe kwa noti. Noti ibanwe mlangoni, ivutwe. Ikitoka bila kushikwa, baridi inatoka kwa njia hiyo hiyo. Pengine mpira una uchafu tu wa juisi iliyokauka. Ufutwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha upimwe tena.

Kuna familia ambazo jambo hili si la barafu. Bibi mwenye kisukari anaweka insulini yake kwenye friji hiyo hiyo. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Friji inayosuasua mchana kutwa haimwambii bibi kitu, chupa inaonekana vile vile. Kosa la upande wa pili ni kuisogeza karibu na ukuta unaogandisha ili "ipate baridi zaidi". Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama imeyeyuka tena. Mahali pake ni rafu ya katikati. Vivyo hivyo nyama na maziwa ya mtoto: zaidi ya nyuzi 5 vijidudu huzaliana haraka, na mchuzi uliokaa nje zaidi ya saa mbili kwa joto la Februari haurudishiwi usalama wake na friji. Kipimajoto kidogo cha friji kikilazwa usiku ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kikasomwa asubuhi, kinamaliza ubishi wa baba na mama kuliko maneno ya wiki nzima.

Wengine joto likizidi hukimbilia kile kitufe chenye namba na kukizungusha hadi mwisho. Katika friji nyingi namba kubwa ni baridi kali, hiyo ni kweli, lakini kama hewa ya nyuma imeziba, namba 7 inaongeza saa za mota na unene wa barafu, si kitu kingine.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika kutoka Ulaya, asome kibandiko kilichomo ndani, mara nyingi karibu na droo ya mboga. Herufi N peke yake maana yake imetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST inavumilia hadi 38, na T hadi 43. Friji ya N chini ya bati la Buguruni itateseka hata ikiwa mpya na safi.

Baada ya yote hayo, ikiachwa siku mbili na bado haigandishi, fundi aitwe. Dalili ya kweli ya gesi kupungua ni mota kuunguruma mfululizo huku nyavu za nyuma au mbavu zikiwa hazina moto kabisa, na pengine doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba. Swali la kwanza kwa fundi liwe: "Inavujia wapi?" Asiyeweza kuonyesha mahali asiruhusiwe kufungua mtungi wake. La pili ni aina ya gesi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Ikiwa ni R600a, hiyo inashika moto, na kazi ya kuchomelea ifanyike nje uani, jiko la mkaa likiwa mbali na watoto wameambiwa wasisogee.