Kitufe cha Kufutia, Mara 28

Wanachuo wenzangu, maabara ya kompyuta ina onyo moja tu: usichezee mitambo, ukikamatwa ni kamati ya nidhamu. Sawa. Lakini ukigundua kwamba kufuli lenyewe la kompyuta ni bovu, uende kwa nani?

Tuangalie ya Hispania. Desemba 2015 watafiti wawili wa chuo kikuu cha ufundi cha Valencia, Hector Marco na Ismael Ripoll, walitangaza kasoro ndani ya GRUB2, ile programu ndogo inayoamka kwanza na kuiwasha Linux. Unaweza kuiwekea jina na nenosiri ili mtu asichezee uwashaji. Wao walifika pale inapouliza jina, wakabonyeza kitufe cha kufutia mara 28. Basi! Ikafunguka sehemu ya uokoaji bila nenosiri, na ukishafika hapo unaweza kunakili diski au kuiharibu.

Programu ilikuwa inahesabu herufi ulizoandika, na kila ukifuta inapunguza moja. Hakuna aliyeiambia isimame kwenye sifuri. Ukizidi kufuta, hesabu inashuka chini ya sifuri na programu inaanza kuandika kwenye kumbukumbu mahali pasipo pake. Dawa yake ni sharti moja: kama hakuna herufi, usipunguze. Kosa hilo lilikaa tangu Desemba 2009, miaka sita, kwenye msimbo ulio wazi kwa dunia nzima. (Wale wa "Linux ni salama kwa sababu kila mtu anaona msimbo", hapo vipi? Kuona si kusoma.)

Wapo wanaozidharau kasoro hizi, eti mpaka mtu akae mbele ya kompyuta. Jamani, maabara ni nini kama si watu kukaa kwa zamu mbele ya kompyuta zisizo zao?

Marco na Ripoll walitoa kasoro pamoja na marekebisho yake. Sasa mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa kwetu akienda ofisini na habari hiyo hiyo. Swali la kwanza: "Ulikuwa unabonyeza nini mara 28?" Atanyamaza, na kufuli litabaki bovu.

Serikali ya wanafunzi idai utaratibu: mtu mmoja wa kupokea taarifa, na ahadi ya maandishi kwamba anayeripoti kwake kwanza hataitwa kwenye kamati. Anayeanza kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp, huyo simtetei.