Boila za Kiwanda Zimebadilishwa, Sigiri Zetu Je?



Kila anayefanya kazi ya miwa upande huu wa Busoga anajua boila ni nini. Kakira ilipoweka boila mpya za mgandamizo mkubwa, makapi ya miwa yalitoa umeme wa kutosha kiwanda, na mwingine ukauzwa katika gridi ya taifa. Kufikia 2013 mitambo ile ilikuwa na uwezo wa megawati 52. Tajiri alipiga hesabu, akaona jiko bovu linakula mali.

Sasa twende nyumbani, Buwenge. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, lakini chini ya nyaya za umeme mama watoto bado anapikia mafiga matatu au sigiri ya bati. Sigiri ikitoboka tunanunua nyingine ya namna ile ile, kwa sababu bei yake ni ndogo. Mimi pia nimefanya hivyo miaka mingi. Bati tupu hutoa joto ubavuni: unaota moto wewe uliyekaa karibu, na maharagwe hayaivi. Joto hilo umelilipia.

Iko sigiri yenye udongo uliochomwa ndani ya bati. Mafundi wa Nairobi walianza kuitengeneza mapema miaka ya 1980, wakichukua wazo kutoka jiko la ndoo la Thailand. Udongo hushika joto likabaki chini ya sufuria, na makaa hupungua kwa robo; kwa mpishi mwangalifu hata karibu nusu. Lakini si kila yenye udongo ni nzuri. Niliuziwa moja kando ya barabara, imepakwa rangi ya kupendeza, na udongo ukapasuka kabla mwezi haujaisha. Tangu hapo nagonga udongo kwa kidole kabla ya kutoa pesa. Uliochomwa sawasawa hulia kama chungu. Wenye ufa hutoa sauti nzito. Natazama pia kama mlango wa majivu unafungika, maana hewa ikiingia ovyo makaa huisha upesi. Tena nakwenda na sufuria yangu ya posho nione inavyokaa. Wauzaji hucheka. Wacha wacheke.

Wanaotumia kuni wanaweza kujenga jiko la udongo wa kichuguu na majani yaliyokatwakatwa. Kazi yake ni ya siku chache, na moshi unaowaumiza watoto macho na kifua hupungua.

Wako ndugu wanaosema tungoje gesi. Sipingi gesi, lakini mtungi hujazwa kwa pesa ya mkupuo, na kibarua hununua makaa ya leo tu, kaveera moja. Hapo ndipo tunapoumia, maana anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko mwenye gunia. Wala tusitegemee makaa kushuka bei. Mei 2023 Rais alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara huko kaskazini, na miti ya karibu yetu imekwisha zamani.

Kwa hiyo nasema jambo hili liingie katika kazi za chama. Sigiri nzuri ni ghali kuliko ya bati, na kwa mshahara wetu haiwezekani kuilipia mara moja, hasa muhula wa shule unapofunguliwa. Chama chetu cha akiba na mikopo kinakopesha pesa za mabati na za ada. Kikopeshe na sigiri. Kamati ya tawi inunue kwa jumla kwa fundi anayejulikana, mwanachama akatwe kwa miezi mitatu, na kila makato yaandikwe kwenye karatasi ya mshahara, ili yasije yakaendelea mwezi wa nne kama tulivyozoea kuona. Na atakayetumwa kuchagua awe mwanamke, maana sisi wanaume tunabishana juu ya sigiri ambazo hatujawahi kuzipuliza.

Nitalileta shauri hili katika mkutano ujao wa tawi. Atakayelipinga aje na hesabu ya makaa aliyonunua mwezi huu.