Kikosi Kikubwa Kuliko Vyote Hakikubeba Bunduki

Wengi wetu tumejifunza mpangilio wa jeshi kwenye gemu na sinema. Seksheni ni watu kama kumi. Seksheni kadhaa zinafanya platuni, platuni zinafanya kombania, kombania zinafanya batalioni, halafu brigedi, halafu divisheni. Sawa. Lakini mimi nasema huo mpangilio umemwacha mtu nje, na ushahidi uko hapa hapa Kwale.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipigwa kwetu, manake koloni la Wajerumani lilianzia hapo tu ukishapita Vanga. Mwaka wa 1914 walivuka mpaka wakaja kupigana Gazi, hiyo hiyo Gazi ya mikoko. Januari 1915 vita vikawa Jasin, ng'ambo kidogo ya Vanga. Januari 1916 Meja Wavell aliuawa Mwele akiwa na Arab Rifles, kikosi cha Waarabu wa pwani alichokiunda mwenyewe. Ukienda Fort Jesus, mnara wa kumbukumbu yao uko pale nje.

Upande wa Waingereza kulikuwa na askari wa keya, yaani KAR. Vita vilipoanza walikuwa batalioni 3 zenye kombania 21. Kufikia 1918 zilikuwa batalioni 22. Wajerumani wao walitegemea kombania. Moja ilikuwa na askari kati ya 150 na 200 hivi, bunduki za rashasha, na wapagazi wake yenyewe. Ndiyo maana iliweza kuingia msituni peke yake na ikaendelea kupigana.

Wapagazi. Hapo ndipo ninapotaka tusimame.

Farasi na nyumbu walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache. Kwa hiyo unga, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga, vyote vilibebwa na watu. Hebu tupige hesabu rahisi. Mtu anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, kilo 20 amezila njiani. Anafikisha 5. Kombania ya askari 200 wanaokula kilo moja kila mmoja inahitaji watu 40 wafike kila siku. Kwa mzunguko wa siku 20, hao ni watu 800 njiani ili askari 200 wale. Wanne kwa mmoja, na bado hujabeba risasi hata moja.

Sasa niambie, hapo jeshi ni nani?

Waingereza waliwaweka wapagazi kwenye kikosi chao, Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya Kariakoo, na ndiyo asili ya Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Wengi hawakujitolea. Mwaka wa 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwachukua kwa lazima. Hesabu rasmi inasema waliokufa ni zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi kama kuhara damu, wala si kwa risasi.

Sanamu ya maaskari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, inawasifu wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno matamu. Lakini majina yako wapi? Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Huenda hata wanafika 350,000.

Kuna watakaosema, "Vita vyenyewe havikuwa vyetu, ya nini kuviadhimisha?" Kweli, havikuwa vyetu. Ndiyo kwanza nataka majina. Kumwandika mtu aliyechukuliwa kwa nguvu si kuisifu vita. Ni kusema alikuwa na kwao, na kuna watu walimngoja.

Na tusingoje London itufanyie kila kitu. Sisi tunaopiga video za Diani kutwa, fukwe na machweo, tunaweza kumkalisha mzee mmoja Msambweni au Lunga Lunga tukamuuliza alisikia nini kwa babu zake. Simu unayo, bando unayo. Wazee ndio wanaopungua.

Kama kwenu kuna jina la mtu aliyepelekwa Kariakoo, liandike hapa chini pamoja na kijiji chake. Nitaanza kuyakusanya.