Mkalimani wa Tatu

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965 boti iliyotoka Kigoma ilifika Kibamba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ikiwa na kundi dogo la Wacuba. Walikuwa wamebandikwa majina ya Kiswahili, na wa mwanzo walipewa tarakimu tu: Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na yule mweupe aliyetambulishwa kwa wenyeji kuwa daktari anayejua Kifaransa akawa Tatu. Tatu alikuwa Ernesto Che Guevara. Katika miezi iliyofuata Wacuba zaidi ya 100, wengi wao weusi, walivuka ziwa hilohilo kuwaunga mkono waasi wa Simba waliokuwa wakipigana na serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo.

Upande wa serikali alikuwapo Mike Hoare, mwanajeshi wa zamani wa Uingereza aliyehamia Afrika Kusini, ambaye waziri mkuu wa Kongo, Moïse Tshombe, alimkodi mwaka 1964 aunde Komando ya 5. Watu wake alikuwa akiwapata kwa kutangaza magazetini Johannesburg na Salisbury. Angani ziliruka ndege zilizogharimiwa na CIA, na baadhi ya marubani wake walikuwa Wacuba waliomkimbia Fidel Castro, kwa hiyo katika milima ya Fizi Mcuba aliwindwa na Mcuba mwenzake. Tuwaongeze na Watutsi wakimbizi kutoka Rwanda waliopigana pamoja na Simba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kama tuviitavyo, vilijaa wageni kila upande.

Leo mtu akivitaja vita hivyo mbali na Kongo, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Che, na la pili, akilijua, ni Hoare. Wakulima wa Uvira na Fizi waliobeba bunduki, wavuvi waliovusha majeruhi usiku, akina mama waliopika kambini, hao hawana jina. Jambo hili halikusababishwa na wanahistoria peke yao. Watu wengi hujifunza vita vya zamani kwa riwaya na filamu, na riwaya ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ina ugonjwa wa kumchagua mgeni awe mhusika mkuu. Je, mwandishi anayefanya hivyo anaukosea ukweli, au anatumia tu haki yake ya usanii?

Tuanze na kesi rahisi. Mwaka uleule wa 1965 Wilbur Smith, mzaliwa wa Rhodesia ya Kaskazini, alichapisha The Dark of the Sun, riwaya inayomfuata kapteni wa mamluki na treni yake ndani ya Kongo. Filamu yake ya mwaka 1968 ilipigwa zaidi Jamaika, na ndani yake Simba ni kundi la watu wanaopiga kelele, wanaochoma nyumba na kunajisi. Miaka kumi baadaye ikaja The Wild Geese, yenye Richard Burton na Roger Moore, kuhusu mamluki wanaotumwa kumwokoa kiongozi wa Kiafrika anayefanana mno na Tshombe. Mshauri wa kijeshi wa filamu hiyo alikuwa Mike Hoare mwenyewe. Aliyelipwa kupigana vita akapata nafasi ya pili, ya kusimamia jinsi vita hivyo vitakavyokumbukwa.

Simba walifanya unyama wa kweli. Stanleyville, Kisangani ya leo, waliua wasomi na watumishi wa serikali, Wakongo wenzao, hadharani, na waliwashika wageni mateka mpaka askari wa miavuli wa Ubelgiji walipoangushwa mjini na ndege za Marekani tarehe 24 Novemba 1964. Riwaya isiyoyaonyesha hayo nayo ingekuwa ya uongo. Kosa la hadithi za mamluki ni kuonyesha ukatili wa upande mmoja tu, na kumpa Mkongo nafasi tatu: muuaji, maiti, au mtu wa kushukuru kwa kuokolewa. Kwa nini kijana wa Maniema aliingia vitani, alikuwa na deni gani na askari wa serikali, kwa nini aliiamini dawa ya mganga kwamba risasi zitageuka maji, kama walivyoamini babu zetu wa Maji Maji mwaka 1905, hayo mwandishi wa mamluki hayamhusu.

Kumlaumu mamluki hakuhitaji ujasiri. Kesi ngumu ni ya aliyekwenda kwa imani.

Hispania ndiyo mfano mkubwa. Majenerali walipoiasi Jamhuri mwezi Julai 1936, watu wapatao 35,000 kutoka nchi zaidi ya 50 waliingia huko kujiunga na Brigedi za Kimataifa, makao yao yakiwa Albacete. Walikuwamo Wamarekani wapatao 2,800, wakiwemo weusi kadhaa ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wametamani kwenda kuitetea Ethiopia dhidi ya Mussolini wakashindwa kufika. Mmoja wao, Oliver Law, mzaliwa wa Texas, alipanda hadi kuiongoza batalioni ya Abraham Lincoln na akauawa Brunete Julai 1937. Mtu mweusi akiwaamrisha wazungu wa Marekani vitani, wakati jeshi la nchi yake lilikuwa bado likiwatenga weusi! Salaria Kea, muuguzi mweusi kutoka Ohio, alikwenda kuwatibu majeruhi. Upande wa pili Mussolini alipeleka makumi ya maelfu ya askari wake na kuwaita rasmi kikosi cha watu wa kujitolea, ingawa mkono wa serikali ulionekana na kila mtu.

Kutoka vita hivyo Ernest Hemingway aliandika For Whom the Bell Tolls, iliyotoka mwaka 1940. Shujaa wake, Robert Jordan, ni mwalimu wa Kihispania kutoka Montana anayetumwa kulipua daraja akishirikiana na kundi la wapiganaji wa milimani. Wahispania katika riwaya hiyo wana sura na ndimi zao, lakini kazi yao kubwa ni kuizunguka dhamiri ya Mmarekani: wanampenda, wanamsaliti, wanakufa ili yeye aamue jambo. Hata hivyo sura yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ambayo Jordan ananyamaza na Pilar, mwanamke wa Kihispania, anasimulia jinsi watu wa mji wake walivyowaua majirani zao wa upande wa pili mwanzoni mwa vita. Hapo hakuna mgeni wa kuokoa wala wa kulaumiwa. Kuna watu wanaofahamiana majina na madeni, wakiuana. Hemingway alikijua kiini cha vita hivyo, na alijua kwamba Jordan hawezi kukisimulia.

Wapo pia Waafrika ambao fasihi hiyo iliwapita mbali. Jenerali Franco, aliyewaongoza waasi, alivusha Wamoroko zaidi ya 60,000 kutoka eneo la Moroko lililotawaliwa na Hispania. Wengi walikuwa maskini wa Rif waliofuata mshahara na chakula, na Jamhuri iliyojitangaza mtetezi wa uhuru haikuwa tayari kuwapa Wamoroko uhuru wao. Katika simulizi nyingi za wapenda Jamhuri, Mmoroko ni kivuli chenye kisu tu. Mwandishi anaweza kusimama upande wa haki na bado akashindwa kumwona mtu.

Hata hivyo mgeni ana utetezi wa maana. Franco alitawala mpaka alipokufa mwaka 1975, na katika miaka hiyo mwandishi wa Hispania aliyetaka kuisimulia Jamhuri kwa haki alikuwa na njia mbili, uhamishoni au kimya. Vitabu vya wageni ndivyo vilivyoitunza kumbukumbu. Kongo nako Mobutu alitwaa madaraka Novemba 1965 na kukaa hadi 1997. Nani angechapisha riwaya ya Simba Kinshasa mwaka 1975? Kisha mgeni huuliza maswali ambayo mwenyeji haoni haja ya kuyauliza, na msomaji wa mbali humhitaji mtu wa kuingia naye mlangoni. Siungi mkono wanaodai kwamba kila hadithi ina mwenyewe mwenye hati miliki na wengine wakae pembeni. Kwa kanuni hiyo nusu ya fasihi nzuri ya dunia ingechomwa.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani ni kigumu zaidi: mgeni aonyeshwe asichokielewa, na kutoelewa huko kuwe na gharama ndani ya hadithi.

Ajabu ni kwamba kuhusu Kongo aliyelifanya hilo vizuri kuliko watunzi wa riwaya ni Che mwenyewe. Baada ya kurudi Kigoma Novemba 1965, alijificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam na kuandika kumbukumbu za miezi yake saba. Tangu mwanzo anamwambia msomaji kwamba anasimulia habari za kushindwa. Muswada huo ulikaa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuchapishwa kikamilifu. Anaeleza shambulio la Front de Force, kwenye kituo cha umeme cha Bendera, mwishoni mwa Juni 1965, lililoua Wacuba wanne na kuifichua siri ya kuwapo kwao kwa sababu ya karatasi zilizokutwa kwa maiti. Anamlalamikia Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, ambaye alionekana uwanjani kwa siku chache tu. Tena anakiri jambo ambalo mashujaa wa riwaya hawalikiri: kwamba hakujifunza Kiswahili ipasavyo, kwamba alikitegemea Kifaransa, lugha ya makamanda, na hivyo akabaki mbali na askari wa kawaida.

Lakini hata kukiri huko kuna mpaka wake. Che analalamika kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo, wakisema wao si magari, na baadaye kwamba wao si Wacuba. Kwake ni uvivu na utovu wa nidhamu. Msomaji wa Kiswahili anasikia kitu kingine. Upande ule wa ziwa ni nchi ya upagazi. Misafara ya pembe kutoka Ujiji ilipita huko, kisha wakaja Wabelgiji na kazi zao za kulazimisha, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyochukua wapagazi kwa maelfu bila kuwarudisha wote. Mjukuu wa mpagazi amepewa bunduki kwa mara ya kwanza, ameambiwa yeye ni mpigania uhuru, halafu mgeni mweupe anamwamuru apandishe gunia mlimani. Anakataa. Katika kumbukumbu za Che kukataa huko ni dosari ya jeshi. Katika riwaya nzuri kungeweza kuwa mwanzo wa sura ya kwanza.

Pembeni ya Che alikuwapo mtu aliyeelewa pande zote mbili. Freddy Ilanga alikuwa kijana wa Kikongo wa miaka 16 alipopangiwa kumfundisha Tatu Kiswahili na kumtafsiria. Alikaa naye miezi yote ile, kisha akapelekwa Cuba, akasoma, akawa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto, na akafariki huko mwaka 2005, baada ya kuishi miongo mingi bila kuwasiliana na ndugu zake. Tamthilia yote ya mpiganaji wa kujitolea imo katika maisha haya, ila imegeuzwa: mgeni aliondoka Kongo na sifa zake, mwenyeji akawa mgeni maisha yake yote katika nchi ya yule aliyekuja kumkomboa.

Chimamanda Ngozi Adichie aliliona tatizo hili alipoandika Half of a Yellow Sun (2006) kuhusu vita vya Biafra nchini Nigeria. Yumo Mwingereza, Richard, anayeipenda Biafra kwa dhati na anayetamani kuandika kitabu chake. Msomaji anadhani ndiye mwandishi, mpaka anapogundua kwamba anayeandika ni Ugwu, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Richard hafukuzwi katika hadithi wala hadhihakiwi, bali anakubali kwamba vita vile si vyake kusimulia. Ugwu naye si malaika, kwa kuwa akiwa askari alishiriki kumbaka msichana. Adichie anampa kalamu mtu mwenye hatia, na ndipo riwaya inapopata uzito ambao Wilbur Smith hakuukaribia.

Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tusijione safi. Riwaya zetu za kijasusi zilizotikisa miaka ya 1970 na 1980, zikiwamo zile za Willy Gamba wa Aristablus Elvis Musiba, zilimtuma Mtanzania nje ya mipaka kuwasambaratisha maadui wa ukombozi wa Afrika. Zilisisimua, nami nilizifurahia. Lakini zinafuata desturi ileile ya shujaa anayeshuka katika nchi ya wengine, anafanya kazi, anapanda ndege. Kwa kuwa shujaa ni wetu, hatukuona neno.

Na jambo lenyewe halijaisha. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari 2025, karibu Waromania 300 waliokuwa wamekodiwa upande wa serikali walijisalimisha na kupitishwa Rwanda wakirudi kwao, na picha zao wakikaguliwa mpakani zilizunguka dunia. Pengine tayari kuna mtu Ulaya anayeandika riwaya juu yao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wa kupiga marufuku umamluki huko Libreville mwaka 1977. Sheria inaweza kumzuia mamluki asipate bunduki, lakini haiwezi kumnyang'anya nafasi ya mhusika mkuu. Hiyo ni kazi ya waandishi.

Vita vya 1965 vilipiganwa na kulalamikiwa kwa Kiswahili, na silaha zake zilipita kwenye reli yetu kutoka Dar es Salaam. Aliyekuwa na miaka 16 Kibamba au Kigoma mwaka ule sasa amepita 75. Mwandishi anayetaka kuiandika riwaya ya vita hivyo kwa macho ya waliobaki, na aende akakae na wazee wa Kigoma, Uvira na Fizi mwaka huu, angali akiwakuta.