Samaki wa Tana wanastahili kuonekana



Nina dukuduku ambalo wengi wetu huku Garsen tumelinyamazia kwa muda mrefu. Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, takriban kilomita 1,000 kutoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare hadi baharini, na delta yake imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2012. Hata hivyo, mtoto wa hapa anaweza kuzaliwa, kusoma na kuanza maisha yake kando ya mto huu bila kumwona samaki wake hata mmoja akiogelea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Niliwaambia wanafunzi wangu wachore samaki wa Tana. Wengi walichora papa, wengine wale samaki wa miamba wenye mistari wanaowaona kwenye simu za wazazi. Msichana mmoja, ambaye mamake huuza samaki sokoni, ndiye aliyechora kambare, sharubu zake zote zipo, ila alimchora amelala ubavu ndani ya karai. Huyo ndiye anayemjua: aliyekwisha kuvuliwa.

Kosa si la watoto. Maji ya Tana yana tope, rangi yake ya chai ya maziwa. Ukitumbukiza mkono huoni vidole. Ukingoni kuna mamba na viboko, na hakuna mzazi atakayemwacha mwanawe aingie majini kuchungulia. Katika kikao kimoja cha kutoa maoni ya bajeti niliomba tujengewe mahali pa kutazama samaki hai. Afisa mmoja alinijibu kwamba watu wa mtoni hawana haja ya kuonyeshwa samaki. Jibu lile liliniuma, na linaniuma bado. Sisi ndio tunaohitaji kioo kuliko wengine, kwa sababu mto wetu hauonyeshi kilichomo.

Na kilichomo ni cha ajabu. Kamongo wa delta hii hupumua hewa, na madimbwi yakikauka hujizika topeni akasubiri maji yarudi. Mkunga wa mtoni huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, akaingia mtoni angali mdogo, akakulia huku miaka mingi, kisha akarudi baharini kutaga na kufa. Njia yake ya kwenda juu sasa ina kuta: bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, yakafuata Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mabwawa hayohayo yamegeuza mwenendo wa mafuriko yanayojaza maziwa yetu, Shakababo na Bilisa, na ziwa lisilopata maji mapya halina samaki. Wazee wa Kipokomo wanayajua haya kwa miaka waliyoyaishi na mtego na mtumbwi. Nani anayakusanya?

Nyumba ya kuyaweka, pamoja na samaki wenyewe wakiwa hai, ipo. Kipini, mto unapokutana na bahari, ndiko kulikokuwa makao ya wilaya enzi za ukoloni, na nyumba ya zamani ya afisa wa wilaya inaliwa na chumvi huku tukiitazama. Nchi hii inajua kufufua majengo. Fort Jesus ilikuwa jela hadi 1958, Ngome ya Lamu hadi 1984, na leo zote mbili ni makumbusho. Tunajua pia kinachotokea tukichelewa: jumba la Beit al-Ajaib la Unguja liliporomoka sehemu mchana wa 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa.

Wala sibuni jambo geni. Makumbusho ya Kisumu yana matangi ya samaki wa Ziwa Victoria. Mjini Milano, Italia, jengo lililojengwa kwa maonyesho ya kimataifa ya 1906 ndilo pekee lililobaki kati ya yale yaliyojengwa bustanini kwa maonyesho hayo. Lilipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, likakarabatiwa, na bado ni jumba la samaki la mji. Hapo mgeni huanza na maji ya vijito vya milimani akaishia kwenye yale ya baharini. Kipini ingeweza kumpitisha mtoto hivyohivyo: tilapia na kambare wa mtoni, kisha kamongo, kisha kaa na kamba wa mikokoni, hadi samaki wa Ghuba ya Ungwana.

Mabasi ya Lamu hupita Garsen kila siku na wageni hawashuki, kwa kuwa hatujawapa sababu. Huko nje tunatajwa mafuriko yakija au watu wakipigana.

Najua gharama. Umeme ukikatika saa chache, pampu zikisimama, samaki hufa. Ndiyo maana naomba matangi machache, sola, na wavuvi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) waajiriwe kuyatunza, maana hakuna anayewajua samaki hawa kuwashinda. Kabla ya hayo, serikali ya kaunti na Makumbusho ya Taifa zitume wahandisi Kipini waikague nyumba ile. Wakiona bahari imeikaribia mno, watuambie waziwazi na lichaguliwe jengo jingine. Ripoti yao isomwe barazani Kipini na Garsen, sote tukiwepo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Garsen, Tana River