Tukishaondoa Jina Ukutani, Je, Tumekwisha Kutubu?



Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi vyuo vikuu vingi vimekuwa katika mabishano makali juu ya sanamu na majina ya majengo yake. Tarehe 9 Aprili 2015 sanamu ya Cecil Rhodes iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kiliacha kutumia jina la John Calhoun, mwanasiasa aliyehubiri kwamba utumwa ni jambo jema. Agosti 2018 waandamanaji waliiangusha sanamu ya askari wa majimbo ya Kusini iliyosimama katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Huko Oxford, kinyume chake, uongozi wa Chuo cha Oriel uliamua mwaka 2021 kuiacha sanamu ya Rhodes mahali pake.

Huenda baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya wasomi na wanasiasa, wala hayatuhusu sisi waamini. Yangalikuwa hivyo, tusingaliyaleta mbele yenu juma hili. Lakini mojawapo ya mabishano hayo lilizuka ndani ya nyumba yetu wenyewe, katika chuo cha Kikatoliki, na majina yaliyobishaniwa yalikuwa ya mapadre.

Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, kilianzishwa mwaka 1789 na John Carroll, askofu wa kwanza wa Kanisa Katoliki nchini Marekani, kikaongozwa na mapadre Wajesuiti. Wajesuiti wa Maryland walikuwa na mashamba makubwa, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Watumwa hao walikuwa wamebatizwa. Walihudhuria Misa na kupokea Sakramenti kutoka mikononi mwa mapadre wale wale waliowahesabu miongoni mwa mali zao.

Mwaka 1838 chuo kilikuwa kimelemewa na madeni. Padre Thomas Mulledy, Mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, akisaidiwa na Padre William McSherry, aliuza watu 272 kwa dola 115,000. Walikuwamo wazee, akina mama na watoto wachanga. Wengi wao walipakiwa merikebuni wakapelekwa Louisiana, kwenye mashamba ya pamba na miwa. Mkuu wa Shirika kule Roma, Padre Jan Roothaan, alikuwa ameruhusu mauzo hayo kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu wale wasinyimwe huduma za dini yao, na fedha zisitumike kulipa madeni. Masharti hayo yalivunjwa. Familia zilitenganishwa, na sehemu ya fedha za kwanza ililipa madeni ya chuo.

Mapadre hao wawili waliwahi wote kukiongoza chuo hicho, na majina yao yakawekwa juu ya majengo. Vizazi kwa vizazi vya wanafunzi viliingia na kutoka katika milango hiyo pasipo kuuliza. Ilipofika Novemba 2015 wanafunzi waliandamana, majina yakaondolewa. Tarehe 18 Aprili 2017, mbele ya wazao wa wale waliouzwa, ilifanyika ibada ya toba, na mkuu wa Wajesuiti wa Marekani akaungama dhambi hiyo hadharani na kuomba msamaha. Siku hiyo jengo moja lilipewa jina la Isaac Hawkins, mtu ambaye jina lake ni la kwanza katika orodha ya waliouzwa. La pili lilipewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke mweusi asiyekuwa mtumwa, ambaye mwaka 1827 alifungua shule ya wasichana weusi karibu na chuo hicho, na baadaye akajiunga na watawa weusi wa Baltimore.

Je, ilikuwa haki kuyaondoa majina yale? Wako watu wema, Wakatoliki wenzetu, wasiopendezwa na jambo hilo, na hoja zao zinastahili kusikilizwa.

Wanasema kwanza kwamba kuondoa jina ni kufuta historia. Sisi tunaona kwamba jina juu ya mlango si historia. Ni heshima. Historia huandikwa vitabuni, hufundishwa darasani, husimuliwa na wazee kwa wajukuu. Jengo hupewa jina la mtu ili vijana wamwige. Tazameni ile sanamu ya North Carolina: vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, lakini sanamu ilisimamishwa mwaka 1913, karibu miaka 50 baadaye. Siku ya kuizindua, mmoja wa wasemaji, Julian Carr, alijisifu hadharani kwamba aliwahi kumchapa mwanamke mweusi kwa mjeledi. Sanamu ya namna hiyo haikuwekwa ili watu wakumbuke yaliyotokea, bali iliwekwa ili watu weusi wajue mahali pao. Na kule Georgetown, muda wote majina ya Mulledy na McSherry yalipokuwa ukutani, ni wangapi waliojua habari za watu 272? Habari hizo zilienea duniani wakati majina yalipohojiwa na kuondolewa.

Wanasema pili kwamba mtu ahukumiwe kwa kadiri ya nyakati zake. Neno hili lina ukweli, na hukumu ya roho ya Padre Mulledy tunamwachia Mungu. Lakini nyakati zake hazikuwa gizani kabisa. Masharti ya Padre Roothaan yenyewe ni ushahidi kwamba dhamiri ziliona ubaya, na miongoni mwa Wajesuiti wa Maryland walikuwapo waliopinga mauzo hayo. Desemba 1839 Papa Gregori XVI alitoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Tena, tunaposema “watu wa nyakati zile hawakujua”, tunawasahau watu 272. Nao walikuwa watu wa nyakati zile, na walijua vema kabisa kwamba wanatendewa uovu.

Wanasema tatu: tukianza kuondoa majina, tutaishia wapi? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote. Hakuna mwanadamu asiye na doa, na tukitafuta jina safi kabisa tutabaki na la Bwana wetu na la Mama yake. Kwa hiyo kila jambo lipimwe kwa utulivu: mtu huyu anaheshimiwa kwa ajili ya nini, na je, heshima hiyo yaweza kutenganishwa na uovu wake? Kazi hiyo huhitaji mazungumzo na subira, na inafaa ifanywe mchana, watu wakiwa wameketi pamoja. Padre Mulledy aliheshimiwa kwa kukijenga chuo, na chuo kiliokolewa kwa bei ya watu. Hapo mambo mawili hayatenganishiki.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia. Mwinjili Mathayo anapoanza kuutaja ukoo wa Bwana wetu, anamfikia mfalme Daudi, aliye fahari ya Israeli. Angeweza kupita kimya. Hakupita. Anaeleza kwamba Sulemani alizaliwa na mwanamke aliyekuwa mke wa Uria. Daudi alimwua Uria ili amtwae mkewe na kuificha dhambi yake, naye Mwinjili analiandika jina la Uria ndani ya ukoo wa Mwokozi, lisomwe makanisani hata mwisho wa dunia. Daudi hakufutwa, lakini hatajwi tena pasipo yule aliyemdhulumu. Kumpa Isaac Hawkins mlango wake ni kufuata mfano huo.

Hapo hapo kuna hatari moja ambayo hatuna budi kuitaja. Bwana wetu aliwakemea wale waliopamba makaburi ya manabii huku wakisema kwamba wao wangaliishi zamani za baba zao wasingalishiriki kumwaga damu. Ni rahisi mno kuwalaani wafu. Hawajibu, wala hawadai kitu. Chuo chaweza kubadili kibao kwa asubuhi moja, kikapiga picha, kikatoa hotuba, kisha kila mtu akarudi nyumbani akijiona mwenye haki.

Tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza tunajua kwamba Kitubio kina sehemu zake. Yapo majuto, yapo maungamo, yapo na malipizi. Kuondoa jina ukutani kuna thamani, kwa maana ni namna ya kuungama hadharani. Lakini hakujawa malipizi. Zakayo hakuridhika na kumkaribisha Bwana mezani. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Wanafunzi wa Georgetown walilielewa jambo hilo. Aprili 2019 walipiga kura, na theluthi mbili ya waliopiga wakakubali kila mwanafunzi alipe dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao wa watu 272. Uongozi wa chuo haukuitoza ada hiyo. Uliahidi badala yake kukusanya michango ya hiari ya takriban dola 400,000 kwa mwaka. Machi 2021 Wajesuiti wa Marekani waliahidi dola milioni 100 kwa mfuko wa wazao hao, wakiweka shabaha ya kufikia bilioni moja. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Mwaka 1838 deni la chuo lililipwa kwa watu, na sasa wadai ni wazao wa watu hao. Deni hili halitapungua kwa kibao kipya, hata kikiandikwa kwa dhahabu.

Na wazao hao si wageni kwetu. Wengi wao wamo katika mji mdogo wa Maringouin, Louisiana, na wengi ni Wakatoliki hadi leo. Cornelius Hawkins, mjukuu wa Isaac, aliuzwa akiwa na umri wa miaka kama 13. Alipofariki mwaka 1902 alizikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya mji huo. Tafakarini jambo hilo. Mapadre walimwuza, naye hakuliacha Kanisa. Tunapojiuliza ni nani katika habari hii aliyeilinda imani ya mitume, jibu halimo katika majina yaliyokuwa juu ya milango.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, ambao misafara ya watumwa ilipita katika nchi zetu hadi Bagamoyo na Zanzibar, hatuwezi kuyasikia haya kama hadithi ya mbali. Tunajua kwamba walikuwapo waliouzwa, na kwamba walikuwapo pia, miongoni mwetu, waliouza na waliofaidika. Tunajua hata leo kuna koo zinazonong'onwa kuwa ni za watumwa pale watu wanapokwenda kuposa. Kabla ya kuwanyoshea kidole wenzetu wa ng'ambo, tungefanya vema kuyachunguza manong'ono hayo yaliyomo majumbani mwetu.

Tunawaomba basi, baba na mama katika jumuiya ndogo ndogo, mkikutana juma hili someni ukoo wa Bwana wetu katika Mathayo sura ya kwanza, na mkifika kwenye jina la Uria msimame kidogo. Ulizaneni: katika familia yetu, katika parokia yetu, ni nani tuliyemdhulumu na ambaye jina lake hatulitaji? Na tukishalitaja, tunadaiwa nini?

Mwenyezi Mungu awabariki nyote. Amina.