Mabano katika Biblia Yasitutie Hofu



Dominika ya 5 ya Kwaresima, Mwaka C, husomwa Injili ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi (Yn 8:1-11). Baada ya Misa moja ya Dominika hiyo, kijana mmoja alinifuata na Biblia yake. “Frateri, hapa pana mabano, na chini wameandika kwamba hati za kale hazina sehemu hii. Je, tumesomewa uongo?” Nilimjibu kwamba mambo hayo awaachie wataalamu. Lilikuwa jibu baya, na leo nataka kulirekebisha.

Hatuna karatasi aliyoandika mwinjili kwa mkono wake. Tuna nakala za nakala. Hati za Agano Jipya kwa Kigiriki pekee ni zaidi ya 5,000, nazo hazilingani kila neno. Wanakwaya watanielewa: watu kumi wakinakili wimbo mmoja kwenye madaftari, mmoja ataruka mstari, mwingine ataongeza neno analolizoea. Lakini tukiyaweka madaftari yote kumi mezani, kosa la mmoja litafichuliwa na wenzake. Kazi hiyo ya kulinganisha ndiyo uhakiki wa matini. Wingi wa nakala huleta tofauti nyingi, lakini pia huleta mashahidi wengi.

Turudi kwa yule mwanamke. Kodeksi ya Vatikano na Kodeksi ya Sinai, zote za karne ya 4, hazina simulizi hili. Hati nyingine chache zinaliweka katika Injili ya Luka, mwishoni mwa sura ya 21. Hata maneno “waandishi na Mafarisayo” hayapatikani mahali pengine popote katika Yohane. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona kwamba simulizi liliingizwa hapo baadaye. Mtakatifu Augustino alilijua tatizo hili. Yeye alidhani kuna walioliondoa wakiogopa kwamba wake zao wangelichukua kama ruhusa ya kutenda dhambi.

Basi, je, si Neno la Mungu? Hapa tutenganishe maswali mawili. La kwanza: nani aliandika, na lini maneno yaliingia mahali yalipo? Hilo hujibiwa na uhakiki. La pili: Kanisa limepokea nini kuwa Maandiko Matakatifu? Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulipokea vitabu vyote pamoja na sehemu zake zote, kama vinavyosomwa katika Kanisa na vilivyomo katika Vulgata. Simulizi hili limo. Kwa hiyo hata kama mkono ulioliandika si wa Yohane, tunalisoma altareni bila wasiwasi.

Kanisa halikatazi uchunguzi huu. Papa Pius XII, katika waraka Divino Afflante Spiritu wa mwaka 1943, aliuhimiza, akitaka matini takatifu irudishwe katika usafi wake kadiri inavyowezekana.

Ndugu mafrateri, tunajifunza haya darasani kisha tunayafungia kabatini, tukidhani tunalinda imani ya waamini. Lakini mabano yamo ndani ya Biblia zao, na wanajua kusoma. Wasipoyasikia kwetu kwa upendo, watayasikia kwa anayetaka kuwavunja moyo. Yule kijana hakuwa na shaka kwa Mungu. Alitaka tu mtu wa kukaa naye na kufungua ukurasa. Nitamtafuta.